Nukta Yenye Mkia

Sladen, Montana
14 Juni

Shemeji Leland,

Kaa kwanza, maana magoti yako nayajua. Nimeshinda! Miaka kumi na saba natia jina langu kwenye bahati nasibu ya vibali vya kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wenye pembe za matawi, kule Tambarare ya Pembe, na miaka kumi na saba wananirudishia barua ya pole. Juzi imekuja bahasha nene. Niliigeuza mara tatu nikitafuta mtego. Hakuna mtego. Ni kibali chenyewe, jina langu, dume moja, kuanzia Oktoba ishirini na mbili. Nadhani huyo aliyekuwa akinibania amestaafu au amekufa. Yote mawili sawa kwangu.

Nataka kumpiga kwa rivolva, ile ya kipimo cha arobaini na nne niliyokwenda nayo kiunoni kumposa dada yako. Bunduki ndefu ni ya watu wanaotaka kumuua mnyama bila hata kujuana naye. Tatizo ni moja, na si kubwa. Kile kijino cha kulengea, cha mbele ya mtutu, siku hizi kimeota manyoya. Nikilenga nakiona kama kiwavi anatambaa. Nadhani chuma kimechakaa. Vijana pale dukani kwa Hobart wanabandika vioo vidogo juu ya bastola zao, ndani kuna nukta nyekundu. Unaiweka nukta juu ya kitu, unafyatua, umemaliza. Nataka kimoja. Wewe ndiye fundi wa bunduki katika ukoo huu, ingawa marehemu Opal alikuwa akisema kaka yake hawezi kutengeneza hata kiti. Nichagulie.

Na usidhani ni macho. Novemba iliyopita, hapa hapa nyuma ya malisho yangu, kwenye bonde la chemchemi, ambako kibali cha kawaida kinatosha, nilimwona dume la elki saa nne asubuhi, hatua arobaini, kainama anakula. Nilimwona kama ninavyoiona karatasi hii. Nikafyatua, nikapiga msonobari. Mjanja yule, alitoroka bila kuvunja hata kijiti! Macho yalimwona. Kijino ndicho kilichonisaliti.

Jambo jingine, na hili libaki kwetu. Binti yangu Darla na mumewe Wendell wananong'ona jikoni. Nikiingia wanageuka kuzungumzia mvua. Watu wazima gani wanazungumzia mvua miezi saba, na mvua yenyewe hainyeshi? Nashuku wanataka kunipeleka kwenye ile nyumba ya wazee mjini, ile ya mchezo wa bingo na supu isiyo na chumvi, wauze malisho yangu. Ndiyo maana nakuandikia. Simu iko jikoni, na jiko lina masikio.

Shemeji yako,
Orrin Tweedy


Bellhaven, Montana
22 Juni

Shemeji Orrin,

Hongera. Huyo dume ningempa pole mapema, lakini nikizikumbuka risasi zako naona hana haraka ya kuandika wosia.

Sasa nisikilize, maana kuchagua kioo cha nukta si kuchagua kofia. Viko vya namna mbili. Kuna cha wazi: kipande cha kioo kimesimama kama dirisha lisilo na nyumba, na kitaa kidogo nyuma yake kinairusha nukta, kioo kinairudisha jichoni kwako. Ni chepesi, kinaingia kwenye ala vizuri. Lakini theluji ikidondokea pale kwenye kitaa, nukta imekufa, umebaki na dirisha. Halafu kuna cha kufungwa: kitaa kimo ndani ya kiboksi, kioo mbele, kioo nyuma. Kizito kidogo, na sura mbaya kama wewe, lakini theluji unaipangusa kwa kidole unaendelea. Kwa Oktoba ya huko juu, mimi ningechukua kiboksi.

Halafu ukubwa wa nukta. Ndogo inalenga vizuri mbali, lakini mzee anaitafuta mpaka mnyama anazeeka naye. Kubwa inaonekana mara moja, na kwa hatua hamsini inatosha kabisa. Halafu betri. Kuna vioo ambavyo betri yake iko tumboni: kuibadilisha lazima ukibandue kioo chote, na ukikirudisha hakilengi tena pale pale. Chukua chenye mlango ubavuni. Na rivolva ina ubaya wake ambao bastola za hao vijana wa Hobart hazina. Kati ya silinda na mtutu pana mwanya, na kila ukifyatua moto na masizi vinatokea hapo. Kioo cha mbele kitapakaa kama sufuria. Utakifuta. Tena arobaini na nne ina teke la punda, skrubu dhaifu zinakatika. Nitatoboa chuma cha juu kwa mkono wangu, niweke kibao, skrubu tatu.

Swali moja tu, la kifundi. Mara ya mwisho umepimwa macho lini?

Mpe rivolva Gus wa lori la chakula cha farasi, tupu, bila risasi. Hapa anapita kila Jumanne.

Leland Voss


Sladen
1 Julai

Shemeji,

Umeanza. Mimi nauliza habari ya kijino, wewe unanijibu habari ya macho. Nani kakutuma? Nilipimwa Opal akiwa bado hai, na daktari akasema naona kama mwewe. Sikumwambia kwamba mgonjwa aliyenitangulia alizisoma zile herufi za ukutani kwa sauti kubwa, na mimi nimekaa mlangoni na kumbukumbu yangu nzuri.

Hicho kiboksi, kwa nini kimefungwa? Kitu kilichofungwa kinaficha kitu. Nimewaza juma zima. Nilitaka cha wazi, nione kilichomo. Kisha nikakumbuka theluji ya mwaka ule tuliomzika farasi wangu Bishop, ilivyoingia mpaka kwenye soksi. Basi, weka kiboksi. Nukta kubwa. Mlango wa betri ubavuni. Na skrubu weka nne, maana fundi akisema tatu anajua mbili zinatosha, na ya tatu ni ya kumfurahisha mteja.

Gus amekuja na anangoja, anakunywa kahawa yangu. Simwamini sana. Anacheka kabla ya kichekesho. Rivolva nimeitia kwenye sanduku, nimelifunga kwa kamba, mafundo saba. Yahesabu. Siku hizi watu wanaiba chochote. Novemba ile ile Wendell alipoteza koleo lake la seng'enge, lenye mpini wa bluu, na herufi W niliichonga mimi mwenyewe. Wendell anasema limeanguka mahali. Mahali gani? Nyumbani kwa Ferris, ndiko lilikoanguka! Huyo jirani hajawahi kununua koleo maishani mwake, na uzio wake umenyooka. Kila Jumapili kanisani namkazia macho, naye ananipungia mkono. Mwizi mwenye adabu ndiye mbaya zaidi.

Orrin


Sladen
8 Julai

Mjomba Leland,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia katikati. Tafadhali usimrudishie baba rivolva yake kabla majira ya uwindaji hayajaisha. Mwambie chochote. Mwambie kifaa hakijafika.

Atakuwa amekusimulia yule elki wa Novemba, wa bonde la chemchemi. Kila mtu amesimuliwa. Mjomba, hapakuwa na elki. Alikuwa Wendell. Alikuwa ameinama anakaza waya wa uzio chini ya ule msonobari, na koti lake la kahawia la kazi. Hakuwa anawinda, kwa hiyo hakuvaa ile fulana ya rangi ya chungwa. Risasi iliingia kwenye mti, mkono mmoja kutoka kichwani kwake. Maganda ya mti yalimkwaruza shavu. Alilala kifudifudi hata sijui muda gani, akatambaa mpaka kwenye mto, akarudi nyumbani kwa njia ya juu. Baba alikuwa ameshafika, amekaa mezani anakula mkate wa mahindi, anamsimulia Wendell habari ya elki aliyemkosa. Na Wendell akauliza, "Alikuwa na pembe za matawi mangapi, baba?"

Jioni ile Wendell aliniapisha nisimwambie baba. Anasema mzee akijua hatashika tena bunduki, wala kijiko. Mimi nasema asipojua atamuua mtu. Tumebishana jikoni tangu siku hiyo, na baba anadhani tunauza malisho yake.

Sikuombi uniambie nani ana haki. Nakuomba uchelewe tu.

Darla


Bellhaven
20 Agosti

Shemeji Orrin,

Kile kibao cha chuma hakijafika. Kilikuja kimoja, lakini matundu yake hayalingani na kioo. Nimeagiza kingine. Wanasema Septemba, labda Oktoba, na viwanda unavijua. Vumilia.

Leland


Sladen
3 Septemba

Shemeji,

Mistari mitano! Wewe ambaye kwa kueleza habari ya betri ulijaza ukurasa. Mtu mkweli anarefusha maneno, anapotea njia, anarudi. Mwongo anaandika kwa haraka kama anayetaka kwenda chooni.

Nilimpa Gus kahawa ya pili, nikamuuliza polepole, kama anayezungumzia hali ya hewa. Akasema, "Ah, ile bunduki yako mzee? Nzuri sana ile. Niliiona mezani kwake Jumanne mbili zilizopita, ina kiboksi cheusi juu, amekifunika kwa kitambaa cha jikoni." Jumanne mbili! Kibao hakijafika, lakini kitambaa kimefika.

Sasa niambie umeingia chama gani. Cha Darla? Juzi alikwenda posta mwenyewe, yeye ambaye barua zake zote hutumwa na Wendell. Nikamuuliza ulikuwa unamwandikia nani. Akasema mvua itanyesha. Mwanangu huyu alikuwa hajui kusema uongo, sasa naona kuna mtu anamfundisha, na mwalimu anaishi Bellhaven.

Umri wangu ni sabini na sita. Nimewavalisha viatu farasi wa wilaya hii yote, nimepigwa mateke na wanyama waliokuwa wakweli kuliko wewe. Farasi akitaka kukupiga analaza masikio. Wewe ulilaza kitambaa.

Gus atapita kwako tarehe kumi na tano. Asiporudi na rivolva yangu, nakuja mwenyewe, kwa trekta, kilomita mia na tisini, na kila kituo cha mafuta nitawaeleza watu ninakokwenda na kwa nini.

Orrin Tweedy, mwenye mali


Bellhaven
9 Septemba

Darla mwanangu,

Imeshindikana. Mali ni yake, na kudanganya sikuwezi, dada yangu alichukua akili yote ya ukoo. Namrudishia. Bado mna majuma sita. Mwambieni ninyi kabla mlima haujamwambia.

Mjomba Leland


Sladen
20 Septemba

Leland,

Sikuiti shemeji.

Mzigo umefika. Nje ni kazi safi, nakiri. Skrubu nne, kibao kimekaa sawa, mlango wa betri ubavuni. Nikaiwasha pale uani, rivolva tupu, nikalenga ndoo. Kwanza nukta sikuiona. Naelewa hilo, mpini wa rivolva unainua mtutu, lazima uushushe mpaka nukta ichomoze. Nikaushusha, ikachomoza. Ile ni nukta? Ni nyanya iliyokanyagwa na ng'ombe! Ina mkia unakwenda juu kulia, na pembeni imetapakaa kama mate. Nikapunguza mwanga, mkia ukapungua, haukuisha. Nikafuta kioo, nikabadili betri. Mkia upo.

Umeniharibia makusudi. Nimeshaelewa mchezo wenu. Kuinyima mmeshindwa, basi mkaona mnirudishie ikiwa mbovu, nilenge, nikose, niseme mwenyewe "ah, nimezeeka," nijipeleke kwenye bingo kwa miguu yangu. Wajanja. Nani aliwaza hilo? Si Wendell, Wendell hana maneno zaidi ya matatu kwa siku. Ni wewe.

Na Opal ananiona. Nilipoitungua ile picha yake ukutani nimuonyeshe nukta, haki ya Mungu, alikunja uso.

Nimeichukua mpaka dukani kwa Hobart, nikampa yule kijana wa pale ailenge saa ya ukutani. Akasema, "Mbona ni duara zuri tu, babu." Sasa na yeye yumo. Mmempa nini?

O. Tweedy


Bellhaven
27 Septemba

Shemeji Orrin,

Mimi nitakuita shemeji, uniite usiniite.

Kuhusu kitambaa cha jikoni, umenikamata. Kioo kilikuwa tayari tangu Julai. Nilikudanganya, na niliombwa nikudanganye, na sababu si yangu kuisema. Naona aibu. Nilikudharau. Hilo ni deni langu kwako na sitalikana.

Lakini nukta sikuigusa. Na yule kijana hakuhongwa. Jiulize: fundi ameingiza mkia ndani ya kiboksi, mkia ambao wewe unauona na kijana wa Hobart hauoni, amefanyaje? Mimi si mchawi. Kiti kinanishinda.

Fanya hivi, hutahitaji kumwamini mtu yeyote. Hakikisha rivolva ni tupu. Ifunge kwenye jiliwa yako ya kazini, ile ya kubania vyuma, kioo kielekee ukutani, usiishike kabisa. Simama nyuma yake uitazame nukta. Mkia unaelekea juu kulia? Vizuri. Sasa inamisha kichwa chako begani, polepole, kama kuku anayesikiliza mwewe. Utazame mkia. Kama kiboksi ndicho kibovu, mkia utabaki pale pale, kwa sababu kiboksi hakijasogea. Kama mkia unazunguka pamoja na kichwa chako, basi mwenye mkia si kiboksi.

Halafu chukua kadi ngumu, itoboe kwa sindano, tazama nukta kupitia tundu lile. Kitundu hupitisha mwanga mwembamba tu, jicho lililopinda halipati nafasi ya kuutapanya. Uniambie umeona nini. Au usiniambie. Lakini uone.

Leland


Sladen, nyumba ya mbele
8 Oktoba

Wendell,

Barua hii nimeiweka kwenye kiti cha gari lako kwa sababu tukiongea utasema "hamna neno, baba," na mimi nitachukua jibu hilo kwa kuwa nalitaka. Isome ukiwa umekaa.

Kuna kipimo nilichotumiwa na mjomba wa mkeo. Nilifunga rivolva kwenye jiliwa, nikainamisha kichwa kama kuku. Mkia ukazunguka nami. Nikainamisha upande wa pili, ukanifuata tena, kama mbwa. Nikatoboa kadi ya kibali changu, kadi ngumu nyingine sikuwa nayo, nikachungulia. Nukta ilikuwa mviringo, safi, mzuri ajabu. Nikaondoa kadi, nyanya. Nikarudisha, mviringo. Nimefanya hivyo mpaka betri nikaionea huruma.

Nilikaa juu ya ndoo pale. Mtu mwenye macho ya kuotesha mkia kwenye kitu kisicho na mkia, nikajiuliza, ameotesha nini kingine? Nikaanza kuorodhesha. Ile alama ya barabarani niliyoipungia mkono nikidhani ni mchungaji. Uso wa Opal kwenye picha. Nikafika Novemba, nikasimama.

Asubuhi nilipanda mpaka bonde la chemchemi nikiwa na kisu. Nimeichimbua risasi kwenye msonobari. Iko kimo cha kifua changu, yaani kimo cha kichwa cha mtu aliyeinama. Uzio unapita pale pale. Nilijua unapita pale, niliujenga mimi. Waya wa katikati umekazwa nusu, upande mmoja mpya, upande wa pili umelegea, kama kazi iliyoachwa ghafla. Chini ya sindano za msonobari kulikuwa na koleo. Mpini wa bluu. W niliyoichonga mwenyewe.

Ferris nimekwenda kumwomba radhi. Hakujua hata namshuku. Alidhani Jumapili zote zile nilikuwa namsalimia.

Sasa nakuuliza wewe. Nilikaa mezani nikala mkate mbele yako, nikakusimulia. Ukaniuliza pembe za matawi mangapi. Nikasema matano.

Ulikuwa wewe?

Usiponijibu nitajua. Ukinijibu uongo nitajua pia. Koleo lako liko chini ya kiti.

Orrin Tweedy


9 Oktoba

Baba,

Ndiyo. Nilikuwa mimi.

Koti lilikuwa la kahawia. Kosa langu hilo.

Malisho hakuna anayeyauza.

Daktari wa macho ana nafasi Alhamisi saa tatu. Nitaendesha mimi. Kibali kina tundu sasa lakini bado kinafaa, nimewauliza. Tarehe ishirini na mbili tunapanda wote wawili. Nimeshamwambia Darla. Amelia, halafu akaoka.

Wendell


Sladen
30 Oktoba

Shemeji Leland,

Nimekuita shemeji, usivimbe kichwa.

Nyama ipo. Dume, pembe za matawi sita kila upande, hatua thelathini na tano, risasi moja. Paja la nyuma ni lako, litakuja na Gus. Nimemwambia amebeba paja la mchungaji, asije akakata kipande njiani.

Daktari kanichungulia nusu saa. Safari hii alinipima peke yangu chumbani, hakuna wa kunisomea herufi. Anasema vioo vya macho yangu vimepinda kama mgongo wa kijiko, na la kushoto lina mtoto wa jicho anayeanza kukua. Nikamwambia huyo mtoto hajabatizwa, hakucheka. Kanipa miwani. Nimeitazama nukta kwa miwani: mviringo. Kwa hiyo kazi yako ilikuwa nzuri tangu mwanzo, na hutanisikia nikilirudia hilo. Masizi yanapakaa kioo kama ulivyosema. Skrubu ya nne imelegea, nilikuwa na haki ya kuihitaji.

Darla nimeongea naye. Si sana. Alinitupia taulo ya vyombo usoni, halafu akanikumbatia na taulo ikiwa katikati. Uongo wenu wa kitambaa nimewasamehe wote wawili, yeye bure, wewe kwa paja.

Sasa nikueleze la huko juu, maana Wendell hatakueleza.

Tulipanda asubuhi theluji ikianguka kidogo kidogo. Amevaa rangi ya chungwa kuanzia kofia hadi magotini, boga zima linalotembea. Nikamwambia elki watakufa kwa kicheko. Nilitaka akae mbali, nyuma kabisa, kule kwenye gari ikiwezekana. Akasema, "Nitakaa na wewe." Fikiria, Leland. Mtu niliyemfyatulia risasi, ameniona nikiijaza silinda, risasi moja moja, halafu amekaa chini karibu yangu kama tunangoja ibada ianze.

Saa nne na kitu dume akatoka kwenye misonobari. Nilimwona. Miwani mpya, theluji nyeupe nyuma yake, pembe, shingo nyeusi, mvuke puani. Nikainua, nikashusha mtutu mpaka nukta ikachomoza, mviringo, nikaiweka nyuma ya bega lake. Kila kitu kilikuwa sawa. Na kidole kikagoma. Kwa sababu na yule wa Novemba nilimwona hivi hivi, Leland. Alikuwa na pembe za matawi matano, niliyahesabu. Macho yangu yalishawahi kuniapia.

Wendell akanong'ona, "Ni elki, baba."

Naye alishawahi kunidanganya, kwa wema. Dume akapiga hatua mbili, akasimama tena. Nikasema, "Wendell."

"Naam."

"Sikuulizi yeye ni nani. Nakuuliza wewe uko wapi."

"Nyuma yako."

"Nyuma wapi?"

Akaweka mkono wake begani kwangu, mzito, unanuka mafuta ya trekta. Nikauacha ukae pale pumzi moja. Pumzi ya pili. Nikafyatua.

Orrin